Wakili wa dalali wa hisa Marekani: anatetea nini, na wapi

Kampuni ya uwekezaji ya Marekani ikiachana na dalali wake wa hisa, ina siku 30 za kujaza Fomu U5. Fomu hiyo inatangaza kwamba fulani hayupo tena kwetu, na ndani yake kuna mahali pa kusema kama aliondoka kwa hiari, aliruhusiwa ajiuzulu au alifukuzwa, na kwa nini. Maelezo ya sababu huwa mstari mmoja au miwili tu. Mistari hiyo huingia kwenye daftari kuu la usajili. Mwajiri mwingine yeyote wa sekta hiyo ataisoma kabla hajampa kazi, mara nyingi umma nao huisoma bure kwenye BrokerCheck, tovuti ya rekodi za madalali, na wachunguzi huisoma pia. "Alifukuzwa kwa kughushi saini ya mteja" na "alifukuzwa kwa kutofuata utaratibu wa kampuni kuhusu nyaraka" yanaweza kuwa maelezo ya tukio lile lile, ila la kwanza huita wachunguzi upesi zaidi.

Kwa hiyo wakili anayeijua kazi hii huanza kubishania mstari huo kabla fomu haijatumwa. Ikishatumwa, kuibadilisha ni safari ndefu. Jimboni New York hata kumshtaki mwajiri kwa kuchafua jina ni kazi bure, kwani mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua mwaka 2007 kwamba maneno ya mwajiri kwenye fomu hiyo yana kinga kamili.

Kutoka nje mtu hudhani kazi ya kuwatetea watu wa fedha ni kusimama mbele ya jaji na kumnusuru tajiri asiende jela. Kesi hizo zipo, lakini ni chache. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa barua, fomu, mahojiano ya kiapo na mabaraza ya usuluhishi, na kinachopiganiwa ni leseni na jina. Ugumu wake ni kwamba kosa moja, hata tuhuma moja, linaweza kumfungulia dalali mashauri manne kwa mpigo: la mwajiri, la mteja, la msimamizi wa soko na la mwendesha mashtaka. Alichokisema kwenye moja kitasomwa kwenye mengine. Wakili analipwa, zaidi ya yote, kuhakikisha maelezo yanabaki yale yale kokote yatakakosomwa.

Kofia mbili, wasimamizi wengi

Tume ya serikali inayosimamia masoko ya dhamana, yaani hisa, hati fungani na mfano wake, SEC, iliundwa mwaka 1934. Chini yake kuna FINRA, iliyozaliwa mwaka 2007 kutokana na kuunganishwa kwa chama cha madalali NASD na kitengo cha usimamizi cha soko la hisa la New York. Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki hukosea. CMSA ya Dar es Salaam na CMA ya Nairobi, wasimamizi wa masoko ya mitaji, ni vyombo vya dola. FINRA si chombo cha dola: ni shirika lisilo la serikali linalosimamia wanachama wake wenyewe, nayo SEC inalisimamia kwa juu. Majimbo nayo yana wasimamizi wao wa dhamana, na yanaweza kumnyima mtu usajili hata pale ambapo wengine wamemwachia.

Tena kuna tofauti kati ya dalali na mshauri wa uwekezaji. Mshauri anabanwa na sheria ya mwaka 1940, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1963 inajulikana kwamba ana wajibu wa kiuaminifu kwa mteja, kama wa mdhamini kwa mali aliyoachiwa. Dalali alizoea kupimwa kwa kigezo kimoja, kama uwekezaji ulimfaa mteja, hadi Juni 30, 2020, ilipoanza kanuni inayomtaka atangulize maslahi ya mteja anapotoa pendekezo. Wataalamu wengi huvaa kofia zote mbili kwa siku moja. Swali la kwanza la wakili, basi, ni hili: katika akaunti hii na muamala huu, ulivaa kofia gani? Jibu ndilo linaloamua sheria ipi itatumika, nani atachunguza na kesi itasikilizwa wapi.

Wakili wa kampuni si wakili wako

Kosa linaloumiza watu wengi hutokea siku ya kwanza. Dalali anaitwa chumbani na mtu wa idara ya uzingatiaji wa kanuni pamoja na wakili wa kampuni. Mazungumzo ni ya upole. Wakili anasema kwamba yeye anaiwakilisha kampuni, kwamba mazungumzo ni siri, na kwamba siri hiyo ni ya kampuni. Onyo hilo linatokana na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1981 katika kesi ya Upjohn, na maana yake kamili ni kwamba kampuni ikitaka kesho kuyapeleka maneno yale kwa SEC ili ionekane imeshirikiana, itayapeleka bila kumuuliza dalali. Yeye, aliyezoea kumwita wakili yule "wakili wetu", amekwisha kusema yote.

Kumtetea dalali na kampuni yake kwa pamoja kunaruhusiwa, na huokoa gharama, lakini tunaona ni hatari kuliko wengi wanavyokubali. Utetezi wa kampuni mara nyingi ni kwamba "alituficha", na utetezi wa dalali ni kwamba "msimamizi wangu alijua na aliidhinisha". Siku sentensi hizo mbili zinapogongana, wakili aliyewabeba wote kwa kawaida hulazimika kuwaacha wote, na kila mmoja anaanza upya na wakili asiyejua faili. Ridhaa ya maandishi ya pande zote ni lazima mwanzoni, na inapaswa kueleza wazi nini kitatokea wakitofautiana.

Barua ya 8210

Kanuni ya FINRA namba 8210 inaipa mamlaka ya kudai nyaraka, maelezo ya maandishi na mahojiano ya kiapo kutoka kwa yeyote aliyesajiliwa, na uwezo huo huendelea kwa miaka 2 baada ya mtu kuondoka kwenye sekta. Barua hutumwa kwenye anwani ya makazi iliyo kwenye daftari la usajili, na ikitumwa huko huhesabiwa imepokelewa. Mtu aliyehama bila kubadilisha anwani anaweza kufungiwa bila kujua kwamba alikuwa anatafutwa. Mlolongo ni mfupi: asipojibu, anapewa notisi ya siku 21, kisha anasimamishwa, na miezi 3 ikipita tangu notisi ya kwanza bila yeye kuomba kusimamishwa kuondolewe, anafungiwa moja kwa moja kufanya kazi na mwanachama yeyote wa FINRA.

Je, anaweza kukaa kimya? Mbele ya SEC, ndiyo. SEC ni serikali, na Marekebisho ya Tano ya Katiba yanamlinda mtu asijitie hatiani. Gharama ni kwamba katika kesi ya madai ukimya huo unaweza kuchukuliwa kuwa dalili mbaya dhidi yake. Mbele ya FINRA hali ni nyingine kabisa: kwa kuwa si chombo cha dola, mahakama kwa kawaida zimeshikilia kwamba kinga hiyo haitumiki, na atakayekataa kujibu atapoteza kazi yake ya udalali. Anapohisi kwamba mwendesha mashtaka naye yumo njiani, mteja ana chaguo chungu: aseme, na maneno yake yaweze kuombwa na waendesha mashtaka, au anyamaze na auage udalali. Wakili mzuri humwambia hivyo waziwazi, wala hamfichi kwamba wapo waliochagua kufungiwa ili wasihatarishe uhuru wao.

Maandalizi huanza kwa kuhifadhi kila kitu. Simu binafsi, WhatsApp, daftari la mkono, kalenda. Kufuta ujumbe baada ya kujua kuna uchunguzi ni jinai kwa sheria ya mwaka 2002, na kifungo chake hufika miaka 20, hata kama jambo lililochunguzwa mwanzoni lingeishia kwenye faini ndogo. Ujumbe wa kazi kwenye simu binafsi wenyewe umekuwa kosa linaloadhibiwa vikali, kwa sababu kampuni za udalali zinatakiwa kutunza mawasiliano ya biashara kwa miaka isiyopungua 3. Desemba 2021 kampuni ya udalali ya JPMorgan ilikubali kuilipa SEC dola milioni 125 kwa kushindwa kuyatunza, na nyingine nyingi zikafuata.

Kisha hujengwa ratiba ya matukio: tarehe, simu, muamala, nani aliidhinisha. Ndipo majibu yanaandikwa. Majibu mabaya ya kawaida ni ya aina mbili. Kuna ya mtu anayejieleza kupita swali aliloulizwa, akafungua jambo jipya, na kuna ya yule anayekana kitu ambacho barua pepe yake mwenyewe inakithibitisha. Hilo la pili ni baya zaidi, kwani kudanganya kwenye majibu ya 8210 ni kosa peke yake, na adhabu yake huweza kupita ya kosa la mwanzo.

Kuna mfano unaowahusu Waswahili wa ughaibuni kwa karibu. Dalali mwenye leseni anaanzisha chama na wenzake wa kanisani au msikitini, wanachanga fedha kununua viwanja au kujenga nyumba za kupangisha kwao nyumbani, naye anachukua ada ya usimamizi. Kwake ni msaada kwa jamii. Kwa kanuni, shughuli ya nje inayomlipa inatakiwa ipelekwe kwa kampuni kwa maandishi kabla hajaianza, na hisa za mfuko wa pamoja zinaweza kabisa kuwa dhamana zilizouzwa nje ya macho ya kampuni. Kosa linakamilika hata kama hakuna aliyepoteza senti. Wakili hapa hutafuta vitu vitatu: barua pepe yoyote aliyomwandikia msimamizi wake, dodoso la kila mwaka la kampuni alijibu nini, na alilipwa kiasi gani hasa.

Kutoka uchunguzi hadi hukumu

Wachunguzi wakikusudia kupendekeza mashtaka, hutoa notisi ya Wells, iliyopewa jina la John Wells, mwenyekiti wa kamati iliyoipendekeza mwaka 1972. Dalali anaweza kuandika hoja za kujibu. Mawakili wachanga huipenda nafasi hii mno. Andiko hilo linaweza kutumika dhidi ya mteja, na linaonyesha utetezi wote kabla ya vita. Linafaa pale penye hoja ya kisheria iliyo safi au ushahidi ambao wachunguzi hawakuuona. Pale ambapo hoja ni "niaminini mimi", afadhali kikao cha ana kwa ana bila karatasi.

Kesi nyingi za FINRA huishia kwenye barua ya makubaliano: dalali hakiri wala hakani, anakubali adhabu, na barua inachapishwa hadharani. Akikataa, anapelekewa hati ya mashtaka, ana siku 25 za kujibu, na shauri husikilizwa na jopo la watu watatu, ofisa wa usikilizaji na wawili wanaotoka sekta yenyewe. Rufaa ya kwanza huenda kwenye baraza la rufaa la FINRA ndani ya siku 25, kisha SEC, kisha mahakama ya rufaa ya shirikisho. Ngazi ni nyingi na kila moja ina bei yake, ndiyo sababu hata wenye hoja nzuri hukubali yaishe.

Mahakama zimeitikisa ramani hii hivi karibuni. Juni 2024, katika kesi ya George Jarkesy, msimamizi wa mifuko ya uwekezaji aliyetozwa faini ya dola 300,000 na SEC ndani ya SEC yenyewe, Mahakama ya Juu iliamua kwamba SEC ikitaka faini kwa udanganyifu wa dhamana, mshtakiwa ana haki ya baraza la wazee wa mahakama. Novemba mwaka huo huo mahakama ya rufaa ya Washington ilisema, katika kesi ya Alpine Securities, kwamba FINRA haiwezi kuifukuza kampuni kwa utaratibu wa haraka kabla SEC haijapata nafasi ya kupitia uamuzi. Kwa wakili hizi ni zana, ingawa kuipeleka kesi mbele ya wazee wa mahakama kuna hatari yake: wale ni raia wenye akiba zao, na huruma yao mara nyingi iko kwa aliyepoteza.

Mteja anapodai

Tangu Mahakama ya Juu ilipokubali mikataba ya usuluhishi mwaka 1987 katika kesi ya McMahon, madai ya wateja dhidi ya madalali karibu yote huenda kwenye usuluhishi wa FINRA. Madai yasiyozidi dola 50,000 huamuliwa na msuluhishi mmoja, kwa kawaida kwa karatasi tu. Yanayozidi dola 100,000 hupata wasuluhishi watatu, na mteja anaweza kukata kwenye orodha wote wenye uhusiano na sekta ya fedha. Majibu hutakiwa ndani ya siku 45. Jambo lililotokea zaidi ya miaka 6 iliyopita haliingii. Ombi la kufuta kesi kabla ya kusikilizwa lina sababu chache mno zinazokubalika, na mashahidi hawahojiwi mapema kama mahakamani, kwa hiyo wakili aliyelelewa na mahakama hujikuta amenyang'anywa silaha zake mbili kubwa.

Hesabu ndiyo inayobeba kesi hizi. Tuseme akaunti ilianza na dola 500,000, leo ina 380,000. Dai linasema hasara ni 120,000. Wakili anafungua taarifa za kila mwezi na kukuta mteja alitoa 90,000 kununulia nyumba. Hasara halisi ni 30,000.

Au tuhuma ni kufanya miamala kupita kiasi ili dalali ale kamisheni. Hapo kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni mzunguko: jumla ya ununuzi wa mwaka ugawanywe kwa wastani wa thamani ya akaunti, na ikifika 6 kwa kawaida inahesabiwa kuwa kupita kiasi. Cha pili ni gharama kwa mtaji. Akaunti ya wastani wa dola 100,000 iliyonunua dhamana za 700,000 na kulipa ada na kamisheni za 24,000 ina mzunguko wa 7, na ilitakiwa ipate faida ya asilimia 24 ili irudi tu pale ilipoanza. Kipimo hiki kikipita asilimia 20, utetezi huwa mgumu. Wakili mkweli akiona tarakimu hizo humshauri mteja wake alipe, tena mapema.

Tuzo, yaani uamuzi wa wasuluhishi, hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 30 za kazi, mara nyingi bila sababu kuandikwa, na inalipwa ndani ya siku 30, la sivyo asiyelipa anasimamishwa. Kuipinga mahakamani kuna miezi 3 tu na sababu finyu kama rushwa au upendeleo wa wasuluhishi. Kwamba wamekosea sheria, peke yake, haitoshi.

Doa linaloondoka kwa shida

Madai yakimalizwa kwa maelewano ya dola 15,000 au zaidi, yanaingia kwenye rekodi ya dalali. Ndiyo maana tarakimu hiyo hutawala meza za majadiliano. Kuondoa doa hilo kulikuwa rahisi kupita kiasi zamani, na tunakubaliana na walioubana utaratibu. Tangu Oktoba 2023 ombi linaloletwa peke yake, nje ya kesi ya mteja, husikilizwa na jopo maalumu la watatu, na wote watatu lazima wakubali. Wasimamizi wa majimbo wanaarifiwa, na muda wa kuomba una kikomo: miaka 2 tangu usuluhishi au kesi ya mteja kufungwa, au miaka 3 tangu malalamiko kuandikwa pale ambapo hapakuwa na kesi. Sababu zinazokubalika ni tatu: dai haliwezekani au lina kosa dhahiri, dalali hakuhusika, au dai ni la uongo. Kisha mahakama ithibitishe.

Anayetaka kuingia kwenye kazi hii husoma shule ya sheria miaka 3 baada ya shahada ya kwanza, hufaulu mtihani wa uwakili wa jimbo lake, na wengi huanzia upande wa pili, kwenye idara za uchunguzi za SEC au FINRA. Huko hujifunza faili linavyopimwa na nani hasa ana uamuzi. Akitoka SEC haruhusiwi kamwe kumwakilisha mtu kwenye shauri alilolishughulikia yeye mwenyewe. Kinachowatofautisha wazuri na wa kawaida ni uwezo wa kusoma taarifa ya akaunti mstari kwa mstari bila kumsubiri mtaalamu. Na wanakumbuka bima: sera nyingi za dhima ya kitaaluma hulipia dai linaloripotiwa ndani ya kipindi cha sera, kwa hiyo barua ya malalamiko iliyosahauliwa mezani hadi sera ikaisha inaweza kumwacha dalali alipe mwenyewe.

Kesi ambayo kila wakili wa fani hii huijua ni ya Raymond Dirks, mchambuzi wa hisa za bima jijini New York. Machi 1973 ofisa wa zamani wa Equity Funding alimwambia kwamba mali za kampuni hiyo zimekuzwa kwa udanganyifu. Dirks alisafiri hadi Los Angeles, akawahoji wafanyakazi, akamsihi mwandishi wa Wall Street Journal aandike, naye akakataa. Wakati huo wateja wa Dirks waliosikia habari hiyo waliuza hisa za zaidi ya dola milioni 16. Udanganyifu ulikuwa wa kweli. SEC ilikiri kwamba alisaidia kuufichua, ikamkuta na hatia ya kusambaza siri za ndani, ikampa adhabu ndogo kabisa: karipio. Lilikuwa doa la maandishi kwenye jina lake, na hakulikubali. Wakili wake, David Bonderman, alilipeleka hadi Mahakama ya Juu, na Julai 1, 1983, kwa kura 6 dhidi ya 3, majaji walilifuta, wakisema anayepokea siri hana hatia kama aliyeitoa hakuvunja uaminifu kwa manufaa yake binafsi. Wachambuzi wa Wall Street wanapopiga simu leo kuuliza maswali makampuni yasiyoyapenda, wanasimama juu ya uamuzi huo.